Plazma: kuua virusi bila kuua kingamwili, na hesabu yake kwa Kyela

WAFANYABIASHARA wa Kyela wanaijua vizuri tofauti ya bei kati ya kokoa mbichi na kokoa iliyovundikwa ikakaushwa. Punje ni zile zile na mkulima ni yule yule, lakini siku chache za kuvundika ndizo zinazoamua kama mzigo utapokelewa ghalani au utarudishwa. Siku zikipungua, kokoa inabaki chungu. Zikizidi, inaoza.

Ipo bidhaa nyingine inayotoka kwa watu wa bonde hilo ambayo thamani yake nayo inategemea hatua moja ya namna hiyo, ingawa haimo katika orodha yoyote ya bei za wiki. Nayo ni plazma, yaani maji ya manjano yanayobaki baada ya chembe za damu kutenganishwa. Damu yenyewe mchangiaji huitoa bure, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Lakini dawa zinazotengenezwa kutokana na plazma huuzwa duniani kwa mabilioni ya dola kila mwaka, na Tanzania huziagiza kutoka nje kwa fedha za kigeni.

Mwekezaji mdogo anayesikia habari za viwanda vya plazma hana budi kuelewa kwanza fedha hizo zinalipwa kwa ajili ya nini. Hazilipwi kwa ajili ya maji hayo ya manjano, kwani kila binadamu anayo lita tatu hivi. Zinalipwa kwa ajili ya kazi ya kuua virusi vyote vinavyoweza kuwemo na wakati huo huo kuziacha kingamwili zikiwa hai na zenye nguvu zake. Kazi hizo mbili hugombana.

Kingamwili ni protini ambazo mwili huzitengeneza baada ya kupambana na ugonjwa au kupata chanjo. Mtu aliyewahi kuugua hubaki nazo kwenye plazma, na zikichukuliwa zikapewa mwingine humkinga kwa muda. Mfanyabiashara wa duka la dawa amekwisha kuziona bila kujua: dawa ya sumu ya nyoka, ambayo mkulima wa mpunga huihitaji akiumwa akiwa shambani, ni kingamwili zilizotolewa kwenye plazma ya farasi aliyezoeshwa sumu hiyo kidogo kidogo. Sindano wanayopewa wajawazito wenye damu ya kundi hasi, ili kumnusuru mtoto wa mimba inayofuata, ni kingamwili za binadamu.

Plazma hiyo hiyo ndiyo inayoweza kubeba virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini aina ya B na C. Kwa Kyela hilo si jambo la kubahatisha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2003 na 2004 uliukuta mkoa wa Mbeya, ambao Kyela ni wilaya yake, ukiwa na kiwango cha juu kuliko mikoa yote ya Tanzania Bara, asilimia 13.5 ya watu wazima, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 7. Utafiti wa mwaka 2016 na 2017 ulikuta kiwango cha mkoa kimeshuka hadi asilimia 9.3. Barabara ya kwenda mpaka wa Kasumulu na shughuli za bandari za ziwani zimetajwa kila mara katika habari hizo, ingawa wafanyabiashara wa huko huona wanaonewa.

Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ulioanza mwaka 2004, hupima kila chupa kwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende. Kituo cha Kanda ya Nyanda za Juu Kusini kiko Mbeya mjini, zaidi ya kilomita 100 kutoka Kyela kwa barabara inayopanda hadi Tukuyu. Vipimo hivyo vimeokoa watu wengi, lakini vina pengo. Mtu aliyeambukizwa juzi anaweza kuwa na virusi ambavyo kipimo bado hakijaweza kuviona. Kwa chupa moja inayopewa mgonjwa mmoja, hatari hiyo ni ndogo. Kiwandani hesabu inabadilika, kwa sababu kiwanda huchanganya plazma ya maelfu ya watu ndani ya tangi moja, na chupa moja iliyopita kwenye pengo hilo inaweza kuharibu tangi zima.

Kwa sababu hiyo, kupima peke yake hakutoshi. Lazima virusi viuawe.

POMBE, SABUNI NA ASIDI

Njia inayomjia kila mtu kichwani ni moto. Plazma ikichemshwa, virusi hufa, lakini protini nazo huganda kama ute wa yai kwenye kikaango. Hata moto mdogo huzifanya kingamwili zishikamane kwa mafungu, na mafungu hayo yakiingia kwenye mshipa wa mgonjwa humletea homa, kushuka kwa msukumo wa damu, na pengine kifo.

Profesa Edwin Cohn wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ndiye aliyeifungua biashara hii wakati wa Vita Kuu ya Pili. Aligundua kwamba plazma ikipozwa hadi karibu na kuganda na kutiwa pombe kwa vipimo, huku uchachu wake ukibadilishwa, protini zake hutuama moja baada ya nyingine kama machicha. Albumini, inayorudisha maji mwilini kwa majeruhi, hutuama mwisho. Kingamwili hutuama katika hatua za kati. Pombe hiyo pia huua sehemu ya virusi, na kwa miaka mingi wenye viwanda waliamini kwamba inatosha.

Albumini ilipata bahati. Watafiti waligundua kwamba ikitiwa chumvi ya asidi ya kapriliki inaweza kustahimili nyuzi 60 za Selsiasi kwa saa 10 bila kuganda, muda unaotosha kuua virusi vya homa ya ini. Utaratibu huo unatumika hadi leo. Kingamwili hazikupata kinga ya aina hiyo.

Matokeo yake yalionekana Februari 1994, pale kampuni moja kubwa ya Marekani ilipoondoa sokoni dunia nzima dawa yake ya kingamwili ya kuchomwa kwenye mshipa, baada ya wagonjwa kuambukizwa homa ya ini aina ya C. Kilichowashangaza wengi ni kwamba jambo hilo lilitokea baada ya vipimo kuboreshwa. Maelezo yaliyotolewa na watafiti ni haya: zamani chupa zenye kingamwili za homa ya ini C ziliingia tangini pamoja na nyingine, na kingamwili hizo ziliwashika virusi. Kipimo kipya kilipoanza kuziondoa chupa hizo, kingamwili zilipotea tangini, lakini virusi vichache kutoka kwa watu walioambukizwa karibuni vikabaki bila mpinzani. Watu walidhani wameongeza usalama kumbe wameondoa mlinzi. Kabla mwaka huo haujaisha, Marekani ilitaka dawa ya kingamwili iwe imepitia hatua ya kuua virusi, au kila fungu lake lipimwe virusi vyenyewe.

Njia iliyoenea kuliko zote ilibuniwa mjini New York katika miaka ya 1980, na inafanana na kufua nguo. Virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini B na C vimevaa koti la mafuta. Plazma hutiwa kiyeyusho na aina ya sabuni kwa saa kadhaa, koti hilo huyeyuka, na kirusi bila koti hakiwezi kuingia ndani ya chembe ya mtu. Kingamwili hazina koti la mafuta, hivyo hubaki karibu zote. Baadaye sabuni huondolewa. Kwa virusi visivyo na koti, kama vya homa ya ini aina ya A, sabuni haifui kitu. Hapo viwanda hutumia vichujio vyenye matundu madogo mno, ambayo kingamwili hupita na virusi vingi hukwama. Viwanda vingine huiacha dawa kwenye uchachu mkali kiasi kwa siku kadhaa, jambo ambalo kingamwili hulivumilia vizuri kuliko moto.

Njia nyingine inamhusu zaidi mtu wa Kyela kwa sababu ya bei yake. Asidi ile ile ya kapriliki inayoilinda albumini dhidi ya moto, ikitiwa kwa wingi kwenye plazma yenye uchachu, huzitungisha karibu protini zote isipokuwa kingamwili, na papo hapo huvunja koti la virusi. Mtu huchuja machicha na kubaki na kingamwili kwenye maji. Taasisi ya Clodomiro Picado ya Costa Rica ilitangaza mwaka 1994 jinsi ya kutengeneza dawa ya nyoka kwa njia hiyo kutoka plazma ya farasi, na baadaye ikatengeneza dawa kwa ajili ya nyoka wa Nigeria. Asidi hiyo hupatikana katika mafuta ya nazi na katika mafuta ya kokwa za michikichi. Wakulima wa michikichi wa Kyela wasije wakakimbilia mashine za kukamua kwa habari hii, kwani kinachotakiwa ni kidogo na lazima kiwe safi kwa kiwango cha dawa.

PLAZMA YA WATU WA BONDENI INA NINI

Swali la mwekezaji linakuja hapa: kwa nini watu wajisumbue na plazma ya Kyela wakati ya Ulaya inapatikana?

Jibu ni kwamba kingamwili hufuata magonjwa ya mahali. Plazma ya mtu wa Vienna ina kingamwili za mafua ya Vienna. Mtu mzima aliyekulia kwenye bonde la Kyela, kati ya mito inayofurika na mashamba ya mpunga, ameumwa na mbu wa malaria tangu utoto, na plazma yake ina kingamwili ambazo hazipatikani katika chupa kutoka Ulaya.

Thamani ya kingamwili hizo ilionekana mwaka 1961, wakati Cohen, McGregor na Carrington walipochukua kingamwili za watu wazima wa Gambia na kuwapa watoto wagonjwa wa malaria. Vijidudu vilipungua kwa kiasi kikubwa katika damu ya watoto hao. Mwaka 1963 walitangaza matokeo ya kutibu malaria ya Afrika Mashariki kwa kingamwili za Afrika Magharibi. Mwaka 1991 wagonjwa 8 wa Thailand walipewa kingamwili za Waafrika, na vijidudu vilishuka tena.

Msomaji asiishie hapo na kuanza kuhesabu faida. Nchini Malawi, upande wa pili wa mto Songwe kwa mtu wa Kyela, watafiti walitengeneza kingamwili kutoka kwa wachangiaji wa huko huko na kuzijaribu kwa watoto 31 wenye malaria iliyopanda kichwani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1992 hayakuonyesha faida, na jaribio lilisimamishwa. Bidhaa ilikuwa ya kweli na imetoka kwa watu waliozoea malaria, ila haikufaa kwa ugonjwa uliokwisha kufika hatua ile. Hadi leo hakuna dawa ya malaria inayouzwa ambayo ni plazma ya watu wa aina hiyo. Faida iliyothibitika ya kingamwili ni kwa watoto waliozaliwa bila kinga, kwa baadhi ya magonjwa ya neva, kwa mtu aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, na kwa wajawazito waliotajwa hapo juu. Wagonjwa hao wapo Tanzania pia, na wengi wao hawaipati dawa.

Somo jingine lilitoka Guinea mwaka 2015, wakati wa Ebola. Wagonjwa 84 walipewa plazma ya watu waliopona, baada ya kusafishwa kwa kemikali iitwayo amotosaleni na mwanga wa urujuanimno, njia inayovuruga chembe za urithi za virusi na kuziacha kingamwili karibu kama zilivyo. Usalama ulikuwa mzuri, ila vifo havikupungua kwa kiasi cha kuthibitika. Wakati plazma ikitolewa, hakuna aliyejua kila mfuko una kingamwili kiasi gani. Ni sawa na kupokea magunia ya mpunga bila kuyapitisha kwenye mizani. Hospitali ya Mulago, Kampala, nayo ilijaribu plazma ya waliopona UVIKO-19 kwa wagonjwa 136, na haikuona faida.

Eneo la mashariki ya Kongo lilichukua njia nyingine. Dawa iitwayo mAb114, iliyofanikiwa katika majaribio ya Ebola ya mwaka 2018 na 2019, ni kingamwili moja tu iliyotolewa kwa mtu aliyenusurika mlipuko wa Kikwit wa mwaka 1995, kisha ikanakiliwa maabara. Plazma ya mtu huyo haikuhitajika tena.

HESABU YA LITA

Kwa wanaopenda tarakimu, Shirika la Afya Duniani hutumia kipimo cha mchango wa damu wa asilimia moja ya watu wote. Kwa sensa ya mwaka 2022, Tanzania yenye watu milioni 61.7 ingehitaji chupa zipatazo 617,000 kwa mwaka. Chupa moja hutoa plazma kama mililita 200. Hata chupa zote zikitenganishwa, jambo ambalo halifanyiki kwa kuwa wagonjwa wengi hupewa damu nzima, zingepatikana lita 123,000 hivi. Kiwanda cha kawaida cha pombe na matangi huhitaji lita laki moja au laki kadhaa kwa mwaka ili kisife kwa hasara. Maana yake ni kwamba taifa zima, likifanya kila kitu sawasawa, lingefika kwenye kizingiti tu cha kiwanda kimoja.

Kwa Kyela peke yake hesabu ni ndogo zaidi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 221,490 wilayani. Asilimia moja ni chupa 2,200, sawa na lita 440 za plazma. Lita moja ina gramu 10 hivi za kingamwili, lakini viwanda vikubwa hupata gramu 4 au 5 tu, nyingine hupotea njiani. Wilaya nzima ingetoa kilo 1.8 kwa mwaka. Mtu mzima mmoja asiye na kinga ya kuzaliwa hutumia karibu gramu 360 kwa mwaka, kwa hiyo kilo hizo zingewatosha wagonjwa watano.

Anayekuja Kyela au Ipinda na karatasi za hisa za kiwanda cha plazma cha wilaya aulizwe kwanza lita zake atazitoa wapi.

Afrika ina mifano ya kweli ya kutazama. Kule Pinetown, karibu na Durban, kipo kiwanda cha National Bioproducts Institute, kinachoendeshwa bila kugawa faida na kinachotumia plazma ya wachangiaji wa Afrika Kusini. Misri imefuata njia mbili. Ya kwanza ni ya mtaji mkubwa, kwa ubia na kampuni ya Grifols ya Hispania. Ya pili ni ya hospitali ya Shabrawishi mjini Cairo, ambako Dk. Magdy El-Ekiaby na Profesa Thierry Burnouf walionyesha, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2015, kwamba plazma ya watu 20 tu inaweza kuchanganywa ndani ya mifuko iliyofungwa, ya kutumika mara moja, ikatiwa asidi ya kapriliki na kuchujwa, bila matangi wala majengo ya kiwanda. Kwa kiasi cha watu 20 kwa mkupuo, chupa 2,200 za Kyela zinakuwa mikupuo 110 kwa mwaka. Hapo angalau hesabu inazungumzika, ikiwa kazi itafanyikia Mbeya mjini na si wilayani.

Hata kwa njia hiyo, kinachokwamisha kwanza si kemikali. Ni friza. Plazma ya kingamwili hutakiwa kugandishwa mapema na kubaki chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri hadi siku ya kazi, na umeme unapokatika kwa saa nyingi katika joto la kando ya ziwa, mzigo unaweza kuyeyuka. Kingamwili ni ngumu kuliko protini za kugandisha damu, na zinaweza kusalimika pale ambapo nyingine zimekwisha kuharibika, lakini mnunuzi wa kiwandani haangalii huruma: mzigo usio na kumbukumbu za baridi kwa kila saa hukataliwa. Kwa mtaji mdogo, sehemu inayoeleweka ya biashara hii ni hiyo: friza, jenereta au sola, makasha ya baridi, mashine za kupima joto, na gari lenye baridi la kupanda Tukuyu. Vitu hivyo hulipwa kwa zabuni za hospitali na za serikali, na malipo yake, kama wazabuni wengi wanavyojua, huchelewa.

Bidhaa moja ya Pinetown inafaa kutazamwa na wanaouza dawa ukanda wa ziwa. Ni plazma iliyosafishwa kwa kiyeyusho na sabuni, kisha ikakaushwa kuwa unga. Haihitaji friza, hukaa kwenye joto la chumba lisilozidi nyuzi 25, na huchanganywa na maji dakika chache kabla ya kupewa mgonjwa. Mahali kama Matema, ambako wagonjwa wengine hufika kwa mtumbwi na mama anayetoka damu baada ya kujifungua hawezi kungoja gari la Mbeya, nyuzi hizo 25 zingehitaji kiyoyozi kimoja au jokofu la kawaida la kuwekea soda.